Kibaba cha Mfuto

Katika maduka ya nafaka ya Unguja ya zamani, kabla kilo haijatawala vibao vya bei, mnunuzi aliyejua mambo hakuuliza bei ya kibaba cha mchele mpaka awe amekwisha kuuliza ni kibaba cha namna gani. Kwani palikuwa na kibaba cha tele, ambacho muuzaji alikirundika hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo wa kipimo, na palikuwa na kibaba cha mfuto, ambacho juu yake ulipitishwa ubapa wa kijiti mpaka nafaka ikawa sawa na ukingo. Jina lilikuwa moja, chombo kilikuwa kimoja, na vibaba vinne vilifanya pishi katika hali zote mbili, lakini mwenye kununua kwa tele na kuuza kwa mfuto alirudi nyumbani na faida ambayo hakuitolea jasho. Nimeukumbuka utaratibu huo kwa sababu ya jambo lililo mbali kabisa na nafaka, nalo ni kipimo cha damu ambacho wagonjwa wa kisukari hupimwa katika hospitali zetu, kinachoandikwa kwa herufi za HbA1c na kuitwa na wauguzi, kwa wepesi na kwa usahihi wa kutosha, sukari ya miezi mitatu. Kipimo hicho nacho kilipata kutembea ulimwenguni kwa vibaba vya namna mbalimbali, na kijiti kilichokuja kupitishwa juu yake ni mashine iitwayo spektrometa ya tungamo, yaani chombo cha kupimia uzito wa vitu vidogo visivyoweza kuonekana kwa jicho wala kwa hadubini ya kawaida.

Kwamba ugonjwa huu una utamu ndani yake ni habari ya kale, wala sitakaa juu yake sana. Matabibu wa Bara Hindi waliuita kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Ibn Sina aliutaja utamu huo katika Qanuni yake. Na mwaka 1776 tabibu mmoja wa Liverpool, Matthew Dobson, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa wake mpaka maji yote yakaenda zake angani, akabakiwa na bonge jeupe ambalo kwa kuonja halikuwa na tofauti na sukari, kisha akatambua ya kuwa hata majimaji ya damu ya mgonjwa yule yalikuwa matamu. Ulimi ndio uliokuwa mizani ya zama hizo. Ni mizani ya haraka, isiyotaka umeme wala mafuta, lakini haiandiki hesabu, na kila mwenye kuonja huonja kwa ulimi wake.

Glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, ina tabia moja ambayo watu waliiona jikoni kabla wataalamu hawajaiona hospitalini: ikikaa pamoja na protini kwa muda, hunata. Ndiyo sababu mojawapo ya mkate kugeuka rangi ya dhahabu tanuuni. Katika mwili jambo lilo hilo hutendeka bila ya moto, polepole, kwa siku na majuma, na aghalabu hutendeka juu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya seli za damu. Himoglobini ya mtu mzima imesukwa kwa nyuzi nne, mbili za namna iitwayo alfa na mbili za namna iitwayo beta, na kila uzi ni mfano wa tasbihi yenye punje za asidi amino. Kwenye punje ya kwanza kabisa ya uzi wa beta, iitwayo valini, ndipo glukosi hupenda kutua, bila ya kualikwa na kimeng'enya chochote, kwanza kwa kushikilia kidogo na baadaye kwa kung'ang'ania moja kwa moja. Seli nyekundu huishi takribani siku 120, na katika siku zake zote huogelea katika sukari ya mwenyewe, kwa hiyo ukihesabu ni nyuzi ngapi katika mia zimenatwa, umepata kusoma daftari ya miezi iliyopita, daftari ambayo mgonjwa hawezi kuighushi kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kwenda kliniki.

Aliyeigundua daftari hiyo hakuwa akiitafuta. Samuel Rahbar, tabibu wa Chuo Kikuu cha Tehran, alikuwa akichunguza damu za wagonjwa wengi kwa kuzipitisha katika uwanja wa umeme, na muradi wake ulikuwa kutafuta himoglobini zenye kasoro za kurithi, za jamii ya ile iletayo selimundu. Mwaka 1968 akaona katika damu za baadhi ya watu mstari mmoja uliokwenda upesi kuliko ilivyopasa, na alipouliza habari za watu hao akaambiwa kwamba ni wagonjwa wa kisukari. Naomba msomaji aiweke habari hii akiba. Kipimo kilichozaliwa katika kutafuta himoglobini za kurithi kitakuja kukutana nazo tena mbele ya safari, na mkutano huo hautakuwa wa heri.

Kwa miaka mingi ya mwanzo kipimo hiki kilikuwa msaada tu kwa tabibu. Kilichokigeuza kuwa hukumu ni utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, ambao wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likatunzwa kwa desturi ya siku zile na jingine likabanwa kwa sindano nyingi na kupimwa mara kwa mara. Na baada ya miaka, wale waliobanwa, ambao HbA1c yao ilikuwa karibu na asilimia 7, walikuwa wamesalimika macho, figo na mishipa ya fahamu kupita wenzao ambao yao ilikuwa karibu na 9. Tangu hapo namba 7 ikawa kama mstari uliochorwa mchangani, huku usalama na huku hatari. Ndipo ilipodhihirika kwamba mstari ule haukuwa mahali pamoja duniani. Damu ambayo maabara za Marekani ziliisoma kuwa 7.0, zile za Japani zilizofuata kanuni ya kwao ziliisoma karibu 6.6, na zile za Uswidi zikaisoma karibu 6.1, na wala hapana hata moja iliyokuwa ikisema uongo kwa kadiri ya kibaba chake. Kila nchi ilikuwa imechagua namna yake ya kutenganisha himoglobini, na kila namna iliokota pamoja na kitu kilichotakiwa vitu vingine vilivyofanana nacho kwa mwendo, hii vingi na ile vichache. Mgonjwa aliyehama na cheti chake kutoka Stockholm kwenda New York angeweza kuambiwa kwamba ugonjwa umezidi wakiwa bado hawajamwondolea koti.

Hapa ndipo mashine inapoingia, na yafaa tuitazame kwa utulivu, kwa maana jina lake linatisha kuliko kazi yake. Kila aliyemwona mwanamke akipeta mpunga amekwisha kuiona kanuni yake: ungo hurushwa, upepo huvuma, pumba nyepesi huchukuliwa mbali na punje nzito huanguka karibu. Lakini upepo hauwezi kupeta molekuli, kwa hiyo wataalamu huzitia umeme kwanza, nazo zikiisha kuwa na umeme huitwa ioni. Kisha huzirusha ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote hata kikabaki ombwe tupu, zisije zikagongana na chembe za hewa njiani. Na mle ndani nguvu za umeme, au za sumaku, huwa ndizo upepo. Iliyo nyepesi hugeuka upesi au hufika kwanza, iliyo nzito hukawia, na kwenye mwisho wa njia hukaa mlinzi ambaye huandika kila inayofika na saa yake. Kwa usahihi zaidi, kinachopimwa ni uzito uliogawanywa kwa idadi ya chaji za umeme zilizobebwa, na msomaji ataona baada ya punde kwa nini neno hilo dogo si la kupuuzwa.

J. J. Thomson wa Cambridge, katika mwaka 1912, alipeta namna hii gesi ya neoni akaona alama mbili mahali alipotazamia moja, ya uzito wa 20 na ya uzito wa 22. Na msaidizi wake Francis Aston, aliyerudi kwenye kazi hiyo baada ya Vita Kuu ya kwanza, alitengeneza mwaka 1919 chombo bora zaidi, akaonyesha kwamba elementi nyingi ni mchanganyiko wa ndugu wenye tabia moja na uzito mbalimbali, ndugu ambao huitwa isotopu, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Lakini kwa muda mrefu ungo huo uliwafaa wanafizikia na wachimba mafuta kuliko matabibu, kwa sababu ili kitu kipetwe sharti kwanza kiruke, na protini ukiipasha moto ili iruke huharibika kabla ya kuruka, kama yai linavyoganda kikaangoni.

Njia ya kuirusha bila ya kuichoma ilipatikana kwa watu wawili wasiofanana kwa lolote. John Fenn, Mmarekani, alikuwa mzee aliyezoea mambo ya injini na gesi. Alipitisha majimaji yenye protini katika sindano nyembamba iliyotiwa umeme mkali, yakatoka kama ukungu wa vitone, na kila kitone kilivyokauka ndivyo umeme wake ulivyosongamana hata kikapasuka, mpaka mwishowe molekuli ikabaki peke yake hewani, nzima, imejaa chaji nyingi kama mbwa aliyetoka kichakani na miiba. Na kwa kuwa mashine hugawanya uzito kwa chaji, protini nzito yenye chaji ishirini huonekana mbele yake kama kitu chepesi kinachoweza kupimika. Fenn alisema kwamba alikuwa amewapa tembo mbawa. Alipopokea Nobel mwaka 2002 alikuwa na umri wa miaka 85. Aliyepokea pamoja naye kwa njia nyingine, ile ya kuirusha protini kwa pigo la mwanga wa leza, ni Koichi Tanaka, mhandisi wa miaka 43 wa kampuni ya Shimadzu ya Kyoto, asiyekuwa na shahada ya uzamivu, ambaye mwaka 1985 alimimina gliserini kwa makosa katika unga wa kobalti, akaona ni hasara kuutupa, akaujaribu hivyo hivyo, na ukafanya kazi. Napenda sana habari ya Tanaka. Ubahili una sifa mbaya miongoni mwetu, nasi twaweza kuusamehe mara moja hii.

Sasa turudi kwenye damu. Uzi wa beta wa himoglobini ya kawaida una uzito wa 15,867 kwa kipimo kiitwacho daltoni, ambacho atomu moja ya haidrojeni hukikaribia. Na glukosi ina uzito wa 180, lakini inaponata hutoa molekuli moja ya maji yenye uzito wa 18, hivyo kinachoongezeka ni 162. Uzi ulionatwa, basi, una uzito wa 16,029. Kwenye karatasi ya mashine nyuzi hizi mbili husimama kama minara miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na kati yao pana nafasi ile ile ya 162 kwa Mswidi, kwa Mjapani na kwa mtu wa Tanga. Hapana kudhania, kilichobeba sukari ni kizito zaidi, na uzito hauna utaifa.

Shirikisho la Kimataifa la Kemia ya Kitabibu na Tiba ya Maabara liliunda mwaka 1995 jopo la wataalamu wa kutafuta kibaba cha mfuto, na njia waliyoichagua, iliyochapishwa mwaka 2002, ina ustadi ambao fundi yeyote wa mikono atauelewa. Hawakuupima uzi mzima. Waliukata kwa kimeng'enya ambacho hutenda kazi ya kisu chenye mazoea, maana hakikati popote ila baada ya punje ya asidi amino iitwayo glutamati, na punje ya sita ya uzi wa beta ndiyo hiyo. Kwa hiyo kinachoanguka ni kipande kifupi cha punje sita, kikiwa na sukari kwenye kichwa au hakina. Vipande hivyo hupitishwa katika mrija wa kutenganishia, kisha hupuliziwa katika spektrometa, na mashine huhesabu vyenye sukari na visivyo nayo. Walipoitumia njia hiyo juu ya damu iliyosomwa 7.0 kwa kibaba cha Marekani, jibu la haki likawa 5.3, tofauti iliyobaki yote ilikuwa ni kichuguu cha juu ya kipimo.

Ungedhani basi kwamba ulimwengu mzima uliacha 7 ukashika 5.3. Haukuacha. Matabibu waliogopa, na hofu yao ilikuwa na insafu, kwamba mgonjwa aliyezoea kuambiwa 8 akiambiwa ghafla 6.4 atafikiri amepona, atarudi kwenye halua na soda. Wakapatana kwamba kila mashine ya hospitali irekebishwe kwa kibaba cha mfuto, lakini majibu yaweza kuandikwa kwa asilimia za zamani kwa njia ya mlingano wa kuhamishia, au kwa kipimo kipya chenye namba zisizoweza kuchanganywa nazo, ambacho 7.0 ya zamani ni 53 na 6.5, ambayo ndiyo mpaka wa kumwita mtu mgonjwa, ni 48. Ndiyo maana msomaji mwenye jamaa Ulaya humsikia akitaja 53 na yeye anataja 7, wakafikiri wana magonjwa mawili. Mfuto unajulikana, na soko laendelea kuuza kwa tele.

Kazi hii ya kuhukumu mizani nyingine haiishii kwenye himoglobini. Ile mashine ndogo ya kutoboa kidole, ambayo siku hizi yapatikana katika nyumba nyingi, nayo ina ukoo wa kuirekebisha, na mzee wa ukoo huo ni spektrometa. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani huweka majimaji ya damu yaliyogandishwa ambayo kiasi chake cha glukosi kimepimwa kwa hila nzuri mno: katika damu isiyojulikana kiasi cha sukari yake hutiwa kiasi kinachojulikana cha glukosi pacha, iliyotengenezwa kwa kaboni nzito, isiyo na tofauti na ya kawaida kwa tabia yoyote ila kwa uzito. Tuseme una gunia la kunde nyeupe na hutaki kuzihesabu. Ukitia kunde nyekundu mia, ukakoroga, kisha ukachota konzi moja, uwiano wa nyekundu na nyeupe katika konzi utakwambia idadi ya gunia zima. Hata zikimwagika njiani si neno, kwa sababu zitamwagika nyekundu na nyeupe kwa kadiri moja.

Pacha hao wazito walikwisha kutumika kwa jambo kubwa zaidi tangu zamani. Rudolf Schoenheimer, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 akapokewa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, aliwalisha panya, pamoja na mwenzake David Rittenberg, asidi amino iliyotiwa naitrojeni nzito, na ingawa panya wale wazima hawakuongezeka uzito, baada ya siku chache sehemu kubwa ya naitrojeni ile ilikutwa imekwisha kusukwa ndani ya protini za miili yao. Kabla yake wengi waliuona mwili kama nyumba iliyokwisha kujengwa ambayo chakula ni kuni za jiko lake tu. Kumbe matofali yenyewe hutolewa na kurudishwa usiku na mchana. Kwa ufundi uo huo watafiti wa siku hizi hutia katika mshipa wa mgonjwa glukosi nzito isiyodhuru, wakapima jinsi inavyozimuliwa na sukari anayoitoa mwenyewe, na hivyo wakaweza kujibu swali ambalo kila daktari wa kisukari huulizwa kwa hasira: imekuwaje nimelala na njaa, na alfajiri sukari yangu imepanda? Jibu ni kwamba ini halikulala. Katika kisukari cha aina ya pili ini huendelea kumimina sukari katika damu usiku kucha, kana kwamba halikusikia amri ya insulini ya kulinyamazisha.

Haikosi wako watakaosema kwamba mashine yenye thamani ya mamia ya maelfu ya dola yapaswa kutufunulia mapya, si kusahihisha ya zamani tu. Imefanya hivyo pia. Huko Framingham, mji wa Massachusetts ambao wakazi wake wamefuatwa na watafiti wa maradhi ya moyo tangu mwaka 1948, zilihifadhiwa damu za watu ambao siku ya kuchukuliwa damu hawakuwa na kisukari. Watu 2,422 wakafuatwa kwa miaka 12, na 201 kati yao wakaugua. Thomas Wang, Robert Gerszten na wenzao walizitoa damu zile barafuni, wakazipitisha katika spektrometa, wakaandika mwaka 2011 kwamba waliokuja kuugua walikuwa, miaka mingi kabla ya sukari yao kupanda, na kiwango kikubwa zaidi cha asidi amino tano: lusini, isolusini, valini, tirosini na fenilalanini. Waliokuwa katika robo ya juu kabisa kwa tatu kati ya hizo walikuwa na hatari iliyozidi mara tano kuliko walio chini. Mle mna mtego wa kupendeza, kwa kuwa lusini na isolusini zina uzito mmoja kamili, na ungo wa uzito peke yake hauwezi kuzitenga. Hutengwa na mrija kabla ya kufika kwenye mashine, kwa kuwa moja hupita upesi kidogo kuliko nyingine. Wala jambo lenyewe halikuwa geni kabisa, maana Philip Felig na wenzake wa Boston walikwisha kuona mwaka 1969 kwamba asidi amino hizi huongezeka katika damu za watu wanene. Lakini kama ni moshi wa ugonjwa au ni moto wenyewe, wataalamu bado wanabishana, na mtu asije akaacha kula maharage kwa sababu ya mstari aliousoma hapa.

Jambo linalonikaa moyoni katika habari ya Framingham ni jingine. Damu zile ni za watu ambao wengi wao asili yao ni Ulaya. Na damu, ijapokuwa rangi yake ni moja, si lazima iitikie kipimo kwa namna moja.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akiwa katika msafara wa wanafunzi wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kwamba selimundu ni adimu kwa watu wa nyanda za juu, bali pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wenye kuirithi kwa mzazi mmoja mahali pengine walizidi mtu mmoja kwa kila watano; na mwaka 1954 akaeleza kwamba urithi huo wa nusu humkinga mtoto na malaria, ndiyo sababu haukufutika. Watu hao si wagonjwa. Wengi huishi, huzaa na huzeeka bila ya kujua. Lakini nusu ya himoglobini yao, au pungufu kidogo, ni ya namna nyingine: punje ya sita ya uzi wa beta, ile ile ambayo kisu hukata baada yake, si glutamati bali ni valini, na uzi wao una uzito wa 15,837, pungufu ya 30.

Itazame basi ile njia ya mfuto inavyokutana na damu hiyo. Kisu kinafika kwenye punje ya sita, hakioni glutamati, kinapita. Kipande cha punje sita hakitoki kwenye uzi wa selimundu, na mashine huhesabu vipande vya uzi wa kawaida peke yake, vyenye sukari na visivyo na sukari, na uwiano wake hubaki wa haki. Kwa aliyerithi kwa wazazi wote wawili hakuna kipande hata kimoja, na mashine hunyamaza, jambo ambalo ni uaminifu kuliko kutaja namba. Lakini baadhi ya mashine za bei nafuu, ambazo hutenganisha himoglobini kwa chaji ya umeme kama alivyofanya Rahbar, zaweza kuuhesabu uzi huo mgeni mahali pasipo pake, zikatoa namba ya juu au ya chini kwa sura ile ile ya utulivu.

Tena iko kasoro ya pili, ambayo hata mfuto hauwezi kuiondoa. Kipimo kizima kimesimama juu ya dhana kwamba seli nyekundu imeishi siku zake 120. Ikifa mapema, kwa selimundu, kwa malaria ya mara kwa mara, kwa kupoteza damu, itakuwa imeogelea katika sukari kwa muda mfupi na itabeba kidogo. Mizani ni sahihi, bidhaa ndiyo changa. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa Wamarekani weusi zaidi ya 4,600, na wale waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja walikuwa na wastani wa 5.72 mahali ambapo wenzao wenye glukosi sawa na yao walikuwa na 6.01, na katika mwaka uo huo ikaonyeshwa kwamba wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao ni urithi mwingine tulioachiwa na malaria, husomwa chini kwa takribani 0.8. Karibu na mpaka wa 6.5, tofauti ya namna hiyo yatosha kumrudisha nyumbani mgonjwa akiamini ni mzima.

Spektrometa haitafika katika kila kituo cha afya, wala haina haja ya kufika, maana inataka umeme usiokatika, pampu zisizopumzika, gesi ya naitrojeni safi na fundi aliyesomea. Tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi nzito ndilo linaloweza kusafiri badala yake, kama wafanyavyo Marekani tangu miaka ya 1990 kwa watoto wachanga, ambao kwa tone la kisigino hupimwa kwa mashine hii magonjwa ya kimetaboli zaidi ya thelathini kabla hawajaanza kuugua. Lakini tone la karatasi nalo lina maradhi yake katika joto na unyevu wa kwetu, na himoglobini iliyokaa juma zima katika bahasha ya basi si himoglobini ya siku ile.

Tuseme mama mmoja wa makamo amekuja kliniki kwa kiu na kuamka usiku. Cheti chake kinasema 6.2, na kijana aliyekisoma dirishani alikwisha kumwambia kwamba hana kisukari. Daktari amekishika mkononi, anamtazama, hajamjibu.

"Mama, katika ukoo wenu yuko mtoto mwenye selimundu?"

"Yuko, daktari. Mtoto wa marehemu kaka yangu. Kila baridi ikianza huumwa mifupa."

"Na wewe ulipata kupimwa?"

"Mimi? Mimi sijaumwa mifupa hata siku moja."

Daktari anaandika juu ya cheti: glukosi ya alfajiri, kisha gramu 75 za glukosi za kunywa na kupimwa tena baada ya saa mbili. "Kesho njoo mapema, mama," anamwambia, "usinywe hata chai. Na mtu wa kukusindikiza aje na kitu cha kula, maana utakaa."